Jina Lisiloombwa

Nilipokuwa mtoto nilidhani jina langu ni moja. Ima: herufi tatu, jina ambalo hata mtoto wa chekechea hulimaliza kuliandika kabla penseli haijavunjika. Leo nina digrii ya isimu, imelazwa kwenye bahasha ya kaki chini ya godoro, na kazi pekee niliyowahi kuifanya kwa digrii hiyo ni kulichunguza jina hilo, bila malipo. Kwa Kilatini cha padri ni kipande cha neno la asiye na doa. Kwa Kinyasa cha bibi yangu ni amri: simama. Kwa Kiswahili, kilicholikopa kwa Waarabu, ni ima hiki ama kile, yaani chagua. Wayahudi humwita mama yao hivyo. Na Wajapani, nimesoma, wakisema ima wanamaanisha sasa.

Sasa nini? Ndilo swali langu kila nikiamka.

Jumapili iliyopita wifi yangu Rehema alikuja kuniomba hilo jina. Nitafika huko. Kwanza miguu.

Nilikuwa darasa la pili, hapa hapa Mbinga, miguu iliponigomea. Ilianza kwa homa, kisha magoti yakavimba kama viazi, kisha asubuhi moja nikashuka kitandani nikajikuta sakafuni. Zahanati walinichoma sindano, wakatoa vidonge vya rangi ya maziwa na kusema tusubiri. Tukasubiri wiki mbili. Mama alinibeba mgongoni kwenda chooni, mtoto wa miaka minane, miguu inamning'inia hadi kwenye vigimbi vyake, na watoto wa jirani wakiimba, "Mtoto wa kangaa! Mtoto wa kangaa!" Hawakuwa wamewahi kumwona kangaruu. Walimsoma kitabuni.

Nyumbani aliyekuwa na sauti ni Shangazi, dada mkubwa wa baba yangu. Baba alikuwa mtu wa kahawa na ngoro zake, yale mashimo ya kulimia mahindi mlimani. Mambo ya watoto alimwachia dada yake. Ndiye aliyenipa jina siku ya ubatizo, Imakulata, kwa heshima ya Mama Bikira Maria. Kwetu Wamatengo jina la mtoto ni la ukoo wa baba, na Mama, aliyeolewa kutoka ziwani, hakuulizwa. Alikubali haraka mno, nasikia. Shangazi akadhani ameshinda.

Basi Shangazi akaanza novena. Siku tisa, mshumaa, rozari, mimi nikiwa nimeegemezwa ukutani kama mwamvuli. Siku ya tisa akanishika mabega.

"Imakulata, simama. Mama yako wa mbinguni amesikia."

Nilijaribu, wallahi nilijaribu. Nilianguka juu ya sufuria ya uji. Nilikuwa nimejiandaa kupigwa, kwa sababu uji ulikuwa wa watu wote, lakini Shangazi aliketi chini kwenye uji ule ule akalia. Nimemchukia mara nyingi mwanamke huyu, na kila mara picha hiyo huniharibia chuki yangu.

Kesho yake Mama alisema ananipeleka kumsalimia mama yake kabla... Hakumalizia. Baba alitoa nauli. Tulipanda lori la mahindi lililokuwa likishuka ziwani, mimi nimelazwa juu ya magunia, na mteremko ule wote Mama alikuwa anaongea na nafsi yake kwa Kinyasa, lugha aliyoiacha mlangoni siku alipoolewa.

Tulimkuta Bibi kijijini kwake Mbaha, ufukweni, anageuza usipa, dagaa wa ziwa, kwenye chanja. Mwanamke mfupi, mkavu, mwenye miguu ya mtu aliyebeba ndoo tangu anyonyeshwe. Alikuwa anapanda na kushuka ule mchanga kama anaudai. Sikuwa nimewahi kumwona.

"Shikamoo, Bibi," nikasema kutoka mgongoni.

"Marahaba. Mbona umepanda juu, wewe ndiye mgeni mheshimiwa?" Akamtazama Mama. "Mtoto huyu hana miguu?"

"Anayo, Mama. Haisimami."

"Anaitwa nani?"

"Si unajua, Mama. Imakulata."

"Hilo la kanisani nililisoma kwenye barua. Ndani ya nyumba mnamwitaje?"

Mimi, mtoto mwenye adabu niliyefunzwa kwamba mkubwa akiuliza anajibiwa, nikasema, "Ima."

Bibi akaacha usipa. Nakumbuka alijifuta mikono polepole, kidole kimoja kimoja.

"Ima ni mimi," akasema.

"Ni kifupi tu, Mama. Kifupi cha Imakulata."

"Kifupi! Mimi ni kifupi cha nani?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba bibi yangu ana jina. Mpaka siku ile alikuwa Bibi tu, kama ziwa lilivyo ziwa. Kabla yake walizaliwa watatu nyumbani kwao, na wote walikufa kabla ya kutembea. Wa nne alipokuja, baba yake alimwinua mbele ya watu na kumwambia neno moja: Ima. Simama. Akasimama. Na jina la namna hiyo, alimwambia Mama kwa sauti ya chini iliyokuwa mbaya kuliko kelele, halichukuliwi kama mtu anavyookota kuku njiani. Mwenyewe yu hai. Unamwendea, unamwomba, naye anasema nini anakitoa na nini anabaki nacho. Usipomwomba, mtoto anapata jina tupu, na jina tupu haliwezi kumsimamisha mtu.

"Kwa nini hukuniambia?"

Mama alikuwa bado amenibeba. Nilisikia jibu likipita mgongoni mwake kabla halijatoka mdomoni.

"Ningeomba, habari ingefika Mbinga. Wangelibadilisha jina. Na mimi kule sina mtu wa kwetu hata mmoja, Mama. Nilitaka niwe nakuita kila siku na mtu asijue."

Yaani Mama alikuwa mwizi. Miaka minane, mbele ya Shangazi na rozari yake, alikuwa anamwita mama yake kwa kinywa kizima: Ima njoo ule, Ima funga mlango, Ima mwanangu. Na Shangazi akidhani anafupisha kwa uvivu.

Bibi hakusema amesamehe. Alitutuma ndani kulala. Asubuhi, jua likiwa limeshatoka na wanawake wakiosha vyombo majini, alinichukua yeye mwenyewe mgongoni, akanikalisha pale maji yanapoishia. Akachukua unga wa muhogo kwenye kisahani, akaweka kidogo kwenye ulimi wake na kidogo kwenye wangu. Akachota maji ya ziwa kwa kiganja, akayaweka kinywani, akanipulizia magotini. Yalikuwa ya baridi, nikapiga kelele, na wanawake wakacheka.

"Somo yangu," akasema. Hakuniita kitu kingine tena baada ya hapo. "Wewe ni Ima, na mimi ni Ima. Nakupa miguu. Kuchoka kwangu nabaki nako mwenyewe."

Siku ya nne nilisimama, nimeshika chanja ya usipa. Siku ya saba nilikwenda chooni kwa miguu yangu, na naweza kusema bila aibu kwamba hakuna sherehe yoyote ya mahafali iliyonifurahisha kama choo kile. Kuanzia hapo Mama hakunichapa tena. Huwezi kumchapa mama yako.

Najua mtasema nini. Nilikuwa bado nameza vidonge vya zahanati. Vilikuwa vimebaki viwili siku nilipokwenda chooni. Nami nimesoma, najua correlation si causation, kufuatana si kusababishana, niliandika hivyo kwenye mtihani nikapewa alama. Lakini hakuna mhadhiri aliyewahi kunieleza kilichofuata. Kiangazi kile kile Bibi alianza kushika magoti akipanda kutoka ufukweni. Pasaka akawa na fimbo. Nilipofika darasa la tano alikuwa anakaa mkekani mlangoni, na watu wengine wakigeuza usipa wake. Uzee, alisema mganga wa zahanati. Inawezekana. Mimi nilikuwa mtoto, na nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu akisema nakupa miguu. Kila likizo nilishuka kumwona nikitembea taratibu, hata kuchechemea kidogo, ili asione nimechukua vingi.

"Tembea vizuri," alinifokea siku moja kutoka mkekani. "Sikukupa ili uiweke kabatini."

Alifariki nikiwa mwaka wa pili chuoni. Nilitembea nyuma ya jeneza kwa miguu hiyo hiyo.

Imenipeleka wapi? Imenipeleka Dodoma mara tatu kwenye usaili wa watu mia kwa nafasi moja. Imenipeleka kwenye ofisi ambazo msichana wa mapokezi anasoma CV yangu na kuniambia "we will get back to you" kwa Kiingereza cha kuazima. Imenizungusha hadi nikarudi nilikoanzia, kwenye chumba kile kile Mbinga, nachambua kahawa ya Baba na kuwajibu watu wanaouliza, "Bado hujapata tu?" Mdomo wangu umekuwa mkali. Sina mshahara, lakini jibu ninalo kwa kila mtu.

Ndipo Jumapili iliyopita Rehema akaja na kichanga chake cha mwezi mmoja. Ni mwalimu, mwenyeji wa Kondoa, alipangiwa kazi huku akaolewa na kaka yangu. Tulikuwa uani, Mama, Shangazi na mimi, tunachambua kahawa.

"Wifi," akasema, "nimekuja kuomba jina. Nataka mwanangu aitwe Ima. Kwetu jina la mtu aliye hai halichukuliwi kimya kimya."

Sikuwa nimemsimulia habari za Bibi. Mama aliinua uso, akauinamisha tena.

Shangazi, ambaye sasa anaona nusu lakini anasema yote, akacheka. "Rehema mwanangu, majina yameisha? Jina hubeba nyota. Mpe mtoto la mtu aliyefanikiwa. Nyota ya huyu imekaa hapo kwenye kigoda, inasubiri ajira."

"Yangu angalau inasubiri, Shangazi," nikasema. "Yako ilistaafu bila kuajiriwa."

Rehema alishika mdomo. Mimi sikufurahi kama nilivyozoea. Kwa sababu hilo la nyota ndilo nililokuwa ninaliogopa na mimi. Mtoto yule alikuwa anapiga miayo, hana doa, hana deni la dunia. Nimpe nini? Kutoka kwenye bahasha ya kaki?

Nikataka kukataa. Nilikuwa nimeshafungua mdomo nimwambie Rehema atafute la malaika yeyote. Mama akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kisahani. Unga wa muhogo. Bakuli la maji.

"Hiyo nini?" Shangazi akauliza.

Mama alikuwa na karibu miaka sitini na alikiweka kisahani chini kama mwizi aliyeshikwa na mali. "Ni jina la mama yangu, Wifi. Ima. Alikuwa anaitwa Ima."

Kuku walipita katikati yetu.

"Unadhani sikujua?" Shangazi akasema hatimaye. "Tangu wiki ya ubatizo. Mtu hamfupishi Bikira Maria bila sababu. Nikasema mwache, ana upweke."

Miaka yote hiyo. Mama akaketi chini pale pale kwenye kahawa.

Nilimpokea mtoto. Nikaweka unga kwenye ulimi wangu, na chembe kwenye wake, akakunja uso. Nikampulizia maji kidogo kwenye paji la uso, akapiga kelele kama mimi nilivyopiga. Nikatafuta cha kumpa, na kitu kimoja tu ndicho kilichokuwa kinafanya kazi mwilini mwangu.

"Somo yangu," nikasema. "Nakupa ulimi. Kuchoka kwangu nabaki nako mwenyewe."

Nilipolisema hilo la pili ndipo nilipoelewa kwamba Bibi hakuwa anatimiza desturi tu asubuhi ile ufukweni. Alikuwa amechoka kweli, tangu wale watatu waliomtangulia, na alikuwa ameangalia pande zote ili lisinidondokee hata tone. Uchovu nilio nao ni wangu. Niliutafuta mwenyewe, kwa maombi ya kazi na nakala zilizogongwa muhuri. Wa kwake alikwenda nao.

"Ulimi!" Shangazi akaguna. "Mtoto wa watu ana mwezi mmoja unampa ulimi. Hukuwa na kingine, wewe?"

Jibu lilikuwepo. Huwa lipo. Nikafungua mdomo, wote wakinitazama, Rehema tayari anacheka kabla.

Hakikutoka kitu. Nikaufunga. Mikononi mwangu Ima alikuwa bado analia, kwa sauti kubwa, anamwambia kila mtu uani alichopewa.