Tundu la Juu Liteme Kwanza

Jina alilopewa na wazazi lilibaki kwenye kitambulisho; kazini aliitwa Mama Rojo. Kazi yenyewe haikuwa na mbwembwe. Kuta zilikuja zimeshamwagwa zege kiwandani, kreni inazisimamisha juu ya nondo zilizochomoza sakafuni, naye anasukuma rojo la saruji kwa pampu kupitia tundu la chini la ukuta mpaka litokee tundu la juu. Likitoka, ujue nondo imeshikwa pande zote. Lisipotoka, ukuta umesimama kwa hisani tu.

Msimamizi wake, mzee mkavu kama mfuko mtupu wa saruji, mafundi walimbandika jina la Bwana Rudia. Adhuhuri moja, jua la kupasua mawe, alichungulia tundu la juu la ukuta mmoja wa ghorofa ya pili.

"Halijatema."

"Limetema, baba. Wewe ulikuwa umegeuka."

"Osha rojo kabla halijaganda. Rudia."

"Ukuta wote huu uangushwe na katundu kamoja?"

"Tetemeko halipigani na ukuta, binti. Linatafuta pale mlipouunga."

Akarudia, huku akimwombea kimoyomoyo apate mke mwenye tabia kama zake.

Jengo likaisha, na bahati ikamdondokea: akapata vyumba humo humo, ghorofa ile ile. Akahamia na mama mkwe wake, bibi ambaye miguu ilishastaafu lakini ulimi bado uko kazini.

Asubuhi moja tetemeko lilipokuja, Mama Rojo alikuwa uani anakinga maji. Ilianza kucheza ndoo, ikafuata miguu yake, kisha jengo zima. Kuta zilisagana kama meno ya mgonjwa wa homa. Mkwe yuko juu, hawezi kukimbia, na kati yake na kifusi hakuna kitu ila rojo. Lile tundu, akakumbuka, liko nyuma ya kitanda cha bibi.

"Ee Mungu, lishike! Lishike tu!"

Ardhi ilipotulia alipanda ngazi mbili mbili. Plasta ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele. Ukuta umekaa palepale. Bibi alikuwa kitandani, kaukumbatia mto.

"Mkwe wangu, kumbe hili jengo lako lina kiuno!"

Mama Rojo akacheka, na kilio kikamtoka humo humo ndani ya kicheko.

Jioni Bwana Rudia alipita mlango kwa mlango akikagua. Wakasogeza kitanda, bibi akiwa juu yake kama malkia. Mzee akagonga maungio kwa nyundo ndogo, akasikiliza, akagonga tena.

"Limeshika."

"Ahsante, baba. Na siku ile nilikusema vibaya moyoni."

"Nilisikia. Moyo wako una sauti."

Bibi akamshika mzee mkono, hataki kuuachia. "Mwanangu, mimi sina cha kukupa ila dua. Na chai."

Chai ikaja. Bwana Rudia akaonja, akakitazama kikombe kama anavyotazama tundu.

"Haina sukari."

Mama Rojo akakipokea kwa mikono miwili.

"Narudia, baba," akasema, akaenda jikoni huku anaimba.