Zuhura Aliyeugua Ugonjwa Aliokuwa Akiutafiti

Jana nimeliona kwa macho yangu jeneza likitoka, wanaume wakaenda wakarudi na udongo kwenye viatu, na bado leo asubuhi nimempigia simu. Iliita mpaka ikakata.

Nimekaa, nimesimama, nimefua nguo ambazo zilikuwa safi. Naandika kwa sababu mikono haitulii.

Kwa wasiomjua: Zuhura alikuwa nesi kwenye timu yetu ya utafiti. Tunawafuatilia watoto wadogo wenye selimundu, ule ugonjwa wa kurithi wa seli za damu, huku Temeke, kuona wakianzishiwa dawa mapema wanaendeleaje. Mie ndo msimamizi wake. Mbele za watu aliniita "bosi". Tukibaki wawili, "we Agy".

Na Zuhura mwenyewe alikuwa na selimundu.

Alikuwaga hafichi. Siku ya interview tulimuuliza kwa nini anaitaka hii kazi. Akajibu, "Nyie mnausoma huu ugonjwa, mie naishi nao. Nichukueni tu mtaokoa muda." Tukacheka, tukamchukua.

Alipokuwa mdogo, mama yake aliambiwa asijisumbue kumpeleka shule, huyu hafiki mbali. Amefika miaka thelathini na nne. Amefika kwenye nyumba za watu wengi kuliko mie.

Kuna nyumba moja Chamazi. Wenyewe wamenipa ruhusa nisimulie, majina siyataji.

Mtoto wao wa miezi tisa alipimwa, akakutwa na selimundu. Mama alitaka dawa. Baba hakutaka hata kutuona. "Kwetu huo ugonjwa haupo, umetoka upande wa mama yake. Na nyie mnatufanyia watoto majaribio."

Zuhura alikwenda mara ya kwanza, akafungiwa geti. Mara ya pili, hivyohivyo. Mara ya tatu tulikwenda wote, yule baba akaanza kufoka. Zuhura akamsogelea kabisa.

"Shemeji, nitazame macho. Unauona huo umanjano?"

Yule baba akatazama.

"Anachoumwa mwanao ndicho ninachoumwa mie. Na hautoki kwa mama peke yake, mtoto hurithi kwa wote wawili. Mie nilipokuwa na umri wake, dawa hii kwetu hatukuwa nayo. Yeye anayo, ipo kwenye begi langu."

Akasema, "Njooni Alhamisi."

Alhamisi ikanyesha, mvua ya kukaa ndani. Na wagonjwa wa selimundu baridi haiwafai, hilo nalijua, ndiyo kazi yangu kulijua.

Akanipigia. "Mgongo unanisumbua kidogo, lakini nakwenda."

"Baki. Tutakwenda wiki ijayo."

"We Agy! Wiki ijayo yule baba atakuwa ameshabadili mawazo."

Nikasema sawa, nenda. Mie ndo nilisema. Hili neno linanizunguka kichwani toka juzi, nikipika lipo, nikisali lipo.

Saa sita ikaja voice note, anapiga kelele kama kashinda kombe: "Amesaini fomu! Bosi, amesaini! Dawa wanaanza Jumatatu!"

Mie nilikuwa kwenye kikao. Nikamjibu kidole gumba. Kidole gumba tu, jamani.

Ijumaa maumivu yakapanda. Jumamosi kifua kikabana, wakamlaza. Jumapili nilimkuta kwenye oksijeni. Nikadhani hataweza kuongea, kumbe nimemsahau Zuhura ni nani. Akainua ile mask.

"Kesho nani anakwenda Chamazi?"

"Tulia kwanza, wewe."

"Sitaki kutulia. Nani?"

"Nitakwenda mwenyewe."

"Saa ngapi?"

"Mchana, Zuhura. Saa nane."

Akairudisha mask.

Jumatatu saa mbili asubuhi ndugu yake akanipigia, akalia tu. Nikaelewa.

Daktari ameniambia yale maumivu yangeweza kuanza hata angebaki nyumbani. Nimemsikia. Sijui kama nimemwamini.

Saa nane nilikuwa Chamazi. Msiniulize niliendeshaje gari.

Mama wa mtoto alifungua geti anatabasamu, akachungulia nyuma yangu. "Karibu dada. Sista Zuhura leo yuko wapi?"

Nikamwambia. Akakaa palepale chini na mtoto mapajani. Mumewe akatoka ndani, akaambiwa, akashika ukuta.

"Si alikuwa hapa Alhamisi?"

"Ndiyo, kaka."

"Alikuja kaloa. Nikampa taulo, akanicheka, akasema nisimpe pole, nimpe kalamu."

Tukakaa. Mwishowe mama akaniambia, "Dada, tumpe mtoto dawa yake." Nikampimia, akamnywesha mwenyewe. Mtoto akakunja uso, akameza.

Yule baba akakunja mkono wa shati.

"Alisema unatoka kwa wote wawili. Nilimbishia mpaka mwisho. Nipime na mie."

Nikamtoboa kidole. Pamba akaishika mwenyewe. Tukasubiri majibu. Ndiyo, anabeba vinasaba vya selimundu. Hajawahi kuugua hata siku moja, lakini anabeba.

Akamgeukia mkewe, mbele yangu mie mgeni, akasema, "Nisamehe. Nimekutesa bure."

Zuhura, ulitakiwa uwe pale. Ile "nisamehe" ilikuwa yako kuisikia, siyo yangu, na nina hasira kwamba nimeisikia peke yangu. Nina hasira na mambo mengi, nyingine nitakwambia nikienda Masasi kumsalimia mama yako.

Kesho narudi field. Orodha yako nimeichukua mie, hakuna nyumba itakayorukwa.

Umeumwa toka siku ulipozaliwa, mdogo wangu. Sasa lala, hakuna kinachouma.