Tuta Hilo, Mwanangu!

Dereva wetu wa lori la taka humfunga mbwa wake mkanda kwenye kiti cha mbele, humkunjia blanketi chini ya kifua, humpangusa vumbi machoni kwa kitambaa kibichi. Sisi wapakiaji tunaning'inia nyuma, tumeshika chuma. Kabla ya kila tuta hupunguza mwendo, akapiga kelele: "Tuta hilo, mwanangu!" Nasi huko nyuma tunajikaza. Miaka mitatu sauti ile ilituokoa. Nilimsifia hadi kwa mke wangu. Jumanne mbwa aliumwa, akabaki nyumbani. Tuta la kwanza tulilirukia kwa kasi, kimya kimya. Mwenzangu alianguka, akavunjika nyonga. Dereva alishuka mbio, kajishika kichwa. "Poleni jamani," alisema. "Leo nilijua niko peke yangu."