Bati la Futi Kumi

Mvua ya kwanza ya masika yale ilinitukana mara tisini na saba. Idadi naijua kwa sababu nilisimama kichochoroni, kanga imenigandama mwilini, nikahesabu vijito vya maji vilivyokuwa vikitoka kwenye bati la jirani yangu. Mara ya kwanza nilipata tisini na nane. Nikarudia. Kumbe kimoja kilikuwa kimezibwa na jani kikajigawa, nami nikakihesabu kama viwili. Tisini na saba, basi, na kila kimoja kilikuwa kinapiga ukuta wangu.

Ilikuwa Temeke, enzi za Mwingereza, miaka ile ya baada ya vita, bati lilipoanza kuonekana tena madukani na kila mwenye mshahara akataka kuvua makuti. Nyumba yangu ilikuwa ya udongo na makuti, vyumba sita. Vinne nilikuwa nimepangisha, kimoja changu, kimoja cha mama. Ukuta uliokuwa unapigwa ulikuwa wa chumba cha mama. Nyonga yake ilivunjika mwaka mmoja nyuma, hatembei, na kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta huohuo. Nikamwambia ahamie chumbani kwangu.

"Ukuta huu niliukandika kwa mikono yangu, na wewe umo tumboni unanipiga mateke," akaniambia. "Hama wewe."

Na mama akisema hahami, hata Gavana angekuja na askari wake wangerudi na kitanda kitupu.

Nikaenda kwa jirani. Alikuwa karani wa ofisi moja ya serikali, mtu wa bara, Mkristo, shati jeupe limepigwa pasi mpaka unaogopa kulitazama. Nikamkuta barazani anakunywa chai.

"Bwana karani, maji yako yamekuja kwangu."

"Maji ya Mungu hayo, dada."

"Ya Mungu huanguka popote. Haya yamepanga foleni."

Akacheka. Kisha akaweka kikombe chini, akasema neno ambalo nilijua litakuja, maana nilikuwa nimelikimbia njia nzima kutoka mlangoni kwangu hadi kwake.

"Na bati hili, nani alilichagua?"

Mie. Mie ndiye niliyelichagua. Miezi mitatu kabla ya hapo alinijia kwa unyenyekevu, akaniomba nifuatane naye mjini kwa sababu yeye hajui kupatana bei, na mtaa mzima ulijua kuwa mimi nikiingia dukani mwenye duka anaomba maji ya kunywa. Tukaenda kwa Mwarabu mmoja mwenye ndevu nyekundu za hina. Karani alitaka bati la futi nane. Nikaona nyuma ya duka limerundikwa la futi kumi, limekaa muda, lina vumbi, halina mnunuzi. Nikamshika Mwarabu wa watu tangu saa tatu hadi adhuhuri. Nikaondoka mara mbili, akaniita mara mbili. Mwisho akatoa la futi kumi kwa bei ya futi nane, huku anamwuliza karani kama mimi ni mke wake, na karani aliposema siyo, akamwambia amshukuru Mungu.

Siku ya kuezeka, fundi akataka kukata kile kipande kilichozidi. Nani alimkataza? Nilisimama chini ya ngazi nikapaza sauti mtaa usikie: "Bati halikatwi! Bati likikatwa linaota kutu pale lilipokatwa. Liache litokeze, litakupa kivuli." Fundi akafurahi, kazi imepungua. Karani akafurahi, amepata kivuli. Mie nikajisifu juma zima, tena kisimani, tena sokoni. Hakuna hata mmoja wetu aliyepima kichochoro. Hatua mbili tu! Makuti yake ya zamani yalikuwa yanayanywa maji nusu na kuyadondosha nusu, taratibu, palepale chini ya ukuta wake. Bati halinywi. Maji yakifika mwisho wa bati hayadondoki, yanaruka, na yaliruka chini ya makuti yangu yakagonga mguu wa ukuta.

"Basi likate," nikamwambia.

"Lipate kutu?"

"Weka mfereji."

"Mfereji sikuupangia, dada. Ungenishauri siku ile."

Nikamwambia nitakwenda kwa jumbe. Akaniambia niende, ila jumbe naye alikuwepo siku ya kuezeka, na alinisikia vizuri.

Nilirudi nyumbani hasira imenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Nikachimba udongo, nikauloweka, nikaukanyaga kwa miguu yangu, nikakandika ukuta urefu wa chumba kizima. Ijumaa nikamaliza. Jumamosi mvua ikaja ikaula. Nikaanza upya, safari hii nikachanganya na nyasi zilizokatwakatwa na kinyesi cha ng'ombe, mpaka wapangaji wakaanza kulala milango wazi. Siku nne. Mvua ikaja, ikatafuna tena, na sasa fito zikaonekana, zimejipanga kama mbavu za punda wa dobi. Kati ya fito na fito pakafunguka tundu la ukubwa wa sinia, usawa wa mto wa mama.

"Nakuona miguu," mama akasema kutoka ndani. "Kucha zako hazijaona hina tangu Idi."

"Mama, ukuta unaanguka!"

"Naona. Niko karibu nao kuliko wewe."

Alikuwa anatania, lakini nilipochungulia niliona udongo umemwangukia hadi kwenye mkeka wa kitandani, na nguzo ya kona imeinama ndani. Ilikuwa imeinama vidole vinne. Nikapima tena: vidole vinne. Mvua moja nyingine kubwa na nguzo ile ingelala kitandani pamoja naye.

Hapo ndipo akili iliponiaga. Nikaazima mkasi wa kukatia bati kwa fundi wa makopo, nikaegemeza ngazi kwenye nyumba ya karani, saa nane mchana, yeye yuko ofisini, nikapanda na kuanza kukata. Mkewe akatoka akipiga yowe. Watu wakajaa pande zote mbili za kichochoro, maana Temeke ngazi ikisimama tu watazamaji hawakosi. Nikakata mgongo wa kwanza wa bati. Wa pili. Bati la futi kumi ni gumu, jamani; Mwarabu alituuzia kitu cha kweli. Nilikuwa kwenye mgongo wa tano mvua ilipoanza na karani akatokea na baiskeli yake.

"Dada! Umeingiwa na nini?"

"Nimeingiwa na maji!"

"Shuka, nitakupeleka polisi!"

"Nipeleke! Huko angalau ukuta ni wa mawe!"

Akaegemeza baiskeli, akaingia kichochoroni anitoe kwenye ngazi. Alipofika usawa wa tundu, sauti ya mama ikatoka chini.

"Karani. Mie leo siamkiwi?"

Akasimama. Alikuwa mtu aliyelelewa; hilo siwezi kumnyima. Na mtu aliyelelewa hawezi kumwamkia mtu mzima akiwa amesimama wima, na mtu mzima yuko usawa wa magoti yake. Akachuchumaa mbele ya tundu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hujambo?"

"Sijambo."

"Mkeo?"

"Hajambo."

"Watoto?"

"Hawajambo, mama."

"Yule wa katikati, kile kikohozi?"

"Kimeondoka."

Mvua ikakolea. Bati likajaa, na vijito vikaanza kuruka, kimoja kimoja, kisha vyote. Vitano au sita vilimpata mgongoni sawasawa. Shati lile likageuka ngozi yake.

"Na mama yako huko bara?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Bado anatembea?"

"Anatembea."

"Nyumba yake haimvujii?"

Karani akatazama fito za ukuta. "Haivuji, mama."

"Alhamdulillahi." Karani akainua goti ajaribu kusimama. "Na ng'ombe wenu?"

Akachuchumaa tena. Mama akauliza ng'ombe, akauliza mahindi, akauliza wajomba, akauliza kama karatasi za ofisini hazijalowa. Mke wa karani akataka kumletea mumewe mwavuli, karani akamwashiria kwa mkono akae hukohuko. Nikiwa juu ya ngazi na mkasi mkononi nilihesabu maswali kumi na tisa, na hiyo ndiyo hesabu pekee maishani mwangu ambayo sikuirudia.

"Haya baba," mama akasema mwishowe. "Nenda kabadilishe nguo, utaumwa."

Akasimama, maji yanamchuruzika puani. Hakuniangalia. "Kesho naleta fundi wa mfereji," akasema.

"Na madebe ya kutengenezea ananunua nani?" nikauliza kutoka juu.

"Shuka wewe!" mama akanifokea. "Umeshaharibu bati la watu."

Mfereji ukatengenezwa kwa madebe ya mafuta ya taa yaliyopasuliwa na kulainishwa. Tukagombana siku mbili nani achukue maji, yeye anasema yametoka paani kwake, mie nasema yameshakula ukuta wangu kwa hiyo yamekwishalipiwa. Mwisho tukauinua katikati, ncha moja ikamimina kwenye pipa lake na nyingine kwenye langu. Nilipima mapipa yote mawili.

Tundu mama alinikataza kuliziba mpaka msumari wa mwisho upigwe. Karani alimwamkia mama hapo kila asubuhi kabla ya kwenda kazini, na kila asubuhi aliulizwa habari za mfereji. Ukamalizika kwa siku tatu.

Nguzo nikaibadilisha, ukuta nikaukandika mara ya tatu, ukasimama. Lakini hasira haikuisha, maana mkasi wangu haukupata hata mfereji wa shubiri moja, na mama akaupata wote akiwa amelala. Masika yaliyofuata nilikuwa kichochoroni napachika udongo kwenye nyufa nilipotazama juu. Ile migongo mitano niliyoikata ilikuwa imeota kutu, nyekundu kama ndevu za Mwarabu. Mingine yote iling'aa.

Karani alikuwa amesimama na baiskeli yake, ananitazama ninavyotazama.

"Ulisema, dada," akaniambia.

Nikainama, nikaendelea kukandika.