Nani Aliukagua Mto

Kilichonijaa mdomoni hayakuwa maji peke yake, yalikuwemo na majani makavu. Hilo nalikumbuka kuliko makelele. Nilikuwa nimebanwa chini ya tawi, maji yananivuta miguu kwenda kule, kitenge kimenasa kinanirudisha huku, na mbele yangu, karibu kiasi cha kupeana sahani, mdogo wangu ameushika mtumbwi kwa mkono mmoja. Mtumbwi umepinduka, tumbo juu. Mkono wake wa pili unamsukuma Mama Mkubwa, mjane wa jumuiya yetu, apande kwenye shina la mti. Akaniambia, "Dada, usiuache mtumbwi."

Nikauacha. Si kwa akili zangu. Kitenge kilichanika na mto ukaninyang'anya. Yeye hakuuacha. Mto ukausukuma mtumbwi chini ya mti, naye chini ya mtumbwi, na mkono wake ndio uliozama mwisho, taratibu, kama wa mtu anayechovya tonge.

Safari ile ya siku moja tuliipanga tangu mvua za kwanza. Hatukukurupuka. Watu wanaponiambia "ajali haina kinga" nataka kuwauliza, kinga zile tulizokaa tukazipanga zilikwenda wapi?

Nimezaliwa Liuli, ufukweni mwa ziwa, kwenye nyumba ya usipa, dagaa wa kwetu, na nyavu. Nikaolewa huku juu milimani, upande wa Kitura, kwa watu wa kahawa. Nimejifunza kulima ngoro, yale mashimo ya mteremkoni yanayoshika maji na udongo, mpaka mgongo ukakubali. Nimebadili na kanisa, kutoka Anglikana kuja Katoliki. Kwa hiyo jumuiya yetu ndogo ndogo ilipotaka mtu wa kuijulisha habari za maji, wote waligeuka wakaniangalia mimi.

Aliyeanza ni mwenyekiti wa jumuiya. Jumamosi moja baada ya sala alitoa simu yake, akatuonyesha wazungu wanateremka mto kwenye vitumbwi vyembamba vya rangi rangi, asubuhi mpaka jioni, wanacheka tu.

"Sisi mto tunao," akasema. "Mitumbwi ipo ziwani. Na mtu wa ziwani tumemuoa humu humu. Kwa nini tuwaangalie wengine kwenye kioo?"

Akasema sikukuu ya somo wetu, Mama Maria Kupalizwa, mwezi wa nane, mwaka huu tusile uani kwa mtu. Tutaanzia kwenye kivuko cha juu cha mto Ruhuhu, tupige kafi kutwa nzima, mchana tule kwenye mchanga, jioni tutokee karibu na ziwa, Fuso litusubiri huko na masufuria.

Babu mmoja akauliza, "Mto tunauvuka kwa kuomba Mungu, leo tuufuate?"

Watu wakacheka. Mama Mkubwa akauliza akina mama watajisaidia wapi.

"Mama, mto mzima huo," mwenyekiti akamjibu.

"Na mamba naye ajisaidie kwangu?"

Tulicheka mpaka sala ya kufunga ikatushinda. Lakini mimi kuanzia siku ile sikutulia. Nikiwa shambani nasikia maji. Nikichambua maharage naacha nusu, napanda kilimani kutafuta mtandao nimpigie mdogo wangu, nikimpata nasahau la kumwambia. Mume wangu akawa ananiuliza, "Wewe una chawa?"

Mdogo wangu akapanda kutoka Liuli na kifurushi cha usipa waliokaushwa, akakaribishwa kwenye jumuiya.

"Tumsifu Yesu Kristo," mwenyekiti akamsalimu.

"Milele, amina."

"Kumbe Waanglikana nanyi mnajua kuitikia."

"Na kuogelea tunajua," akasema, na hapo hapo wakampenda.

Lakini hakuja kuchekesha. Aliwaambia wazi kwamba mto haujui. "Ziwa nalijua. Ziwa lina upepo, unauona ukija. Mto una mwendo, na mwendo hauonekani mpaka uwe ndani yake." Akasema mwezi wa nane ni mzuri kwa sababu maji yatakuwa yamepungua. Akasema pia kwamba kabla ya siku yenyewe lazima mtu mzima atembee ukingoni kwa miguu, kuanzia pale tutakapoingilia mpaka pale tutakapotokea, aangalie kila kona, kila jiwe, kila mti. "Bila hivyo mimi mitumbwi yangu siileti." Wote walisikia. Mwenyekiti alisema ni wazo zuri sana na akapiga makofi.

Halafu mdogo wangu akaanza kutufundisha. Mitumbwi ya kwetu huchongwa kwenye gogo moja, mdomo wake mwembamba, mwenyeji hukaa juu ya ukingo miguu ikiwa ndani. Mtu wa milimani akijaribu hivyo atalala majini kabla hajasema amina. Basi akaviringisha gogo la mgrevilea mpaka katikati ya uwanja, akawapandisha watu mmoja mmoja, mwiko wa ugali mkononi badala ya kafi, halafu yeye analitikisa.

"Umepinduka! Unafanya nini?"

"Nashika gogo!"

"Unaliacha?"

"Siliachi!"

Mama Mkubwa alilikumbatia lile gogo vumbini kama mume aliyerudi kutoka safari. Akina mama wakapiga vigelegele. Hayo ndiyo mafunzo ya kwetu, nami niliyapata kabla sijaota meno ya ukubwa. Ziwani mtumbwi ukipinduka unaushika, hauzami, mawimbi yatausogeza ufukweni na wewe utafika nao. Tangu zamani wanaofia ziwani ni wale wanaouacha wakaogelea. Sikuwaza, naye hakuwaza, kwamba mto hauna ufukwe wa kukusogeza. Unakusukumia kwenye kile kilicho mbele. Na kujua kilicho mbele ilikuwa kazi ya yule wa kutembea ukingoni.

Sasa nawataja. Majina nayaacha, vyeo vinatosha.

Wa kwanza ni mwenyekiti. Pasaka ilipokaribia alisimama akatangaza kwamba safari haitangojea mwezi wa nane, itakuwa mara tu baada ya Pasaka. "Mwezi wa nane nani ataacha kahawa yake kwenye kichanja?" akasema. "Kahawa haina habari na somo wa jumuiya."

Watu wakaitikia kweli, kweli. Huku kila kitu hupangwa hivyo, harusi, kipaimara, hata kuezeka nyumba, kabla ya kahawa au baada ya kahawa. Hakuna anayeuliza zaidi.

Mimi nikasema, "Mwenyekiti, baada ya Pasaka mto bado umejaa."

Hapo ndipo alipoingia wa pili, shemeji yangu, mdogo wake mume wangu. "Shemeji, wewe si mtu wa ziwani? Unaogopa maji?"

"Aliyezaliwa nayo ndiye anayeyaogopa."

"Basi tutakubeba mgongoni."

Wakacheka tena. Nilianza kukichukia kile kicheko.

Nilimpigia mdogo wangu. Akasema kama tarehe imeshakubaliwa na watu, basi, lakini ule ukingo utembewe vizuri mara mbili ya alivyosema. Asipotembea mtu, haji. Nikawapelekea neno hilo kama lilivyo. Shemeji akajitolea mbele ya watu wote. Akaondoka na bodaboda, begi mgongoni, raba nyeupe miguuni. Kesho yake jioni akarudi.

"Mto uko safi," akasema. "Lami tupu."

Mimi macho yangu yalikuwa miguuni kwake. Raba zilikuwa nyeupe vile vile. Mvua ilikuwa bado inapiga, sisi hapa uani tope lilikuwa linatuvua kandambili, yeye ametembea kandokando ya Ruhuhu na raba za harusini.

"Umetembea na raba hizo?"

"Nilivua, shemeji. Au ulitaka nikuletee na tope uonje?"

"Umeanzia wapi ukaishia wapi?"

Mwenyekiti akaniinulia mkono. "Mama, tusimhoji mtu aliyejitolea."

Mume wangu akanivuta kitenge nikae. Nikakaa. Ndani yangu sikukaa.

Nikampigia mdogo wangu, nikamwambia, raba ni nyeupe. Akacheka. "Yeye mwenyewe amesema ameutembea?"

"Amesema."

"Mbele ya watu?"

"Mbele ya watu."

"Basi alivua viatu kweli, dada. Mtu hawezi kudanganya juu ya maji."

Asiyezaliwa ufukweni hawezi kuelewa neno hilo. Kwetu anayetoka majini humwambia anayeingia alichokiona huko, upepo umekaa vipi, mawimbi yako wapi, kiboko amelala upande gani. Humwambia hata adui yake. Watu wamegombana mashamba, hawasalimiani kanisani, lakini asubuhi pale mchangani mmoja atasema, "Usipite kwenye mwamba leo," na mwingine atageuza mtumbwi bila kumuuliza ana nia gani. Mdogo wangu alikua ndani ya desturi hiyo. Alidhani na huku milimani maji yana heshima hiyo hiyo. Shemeji yangu yeye alidhani amedanganya kitu kidogo, kama kusema umepalilia shamba kumbe umelala kivulini.

Mitumbwi miwili ikapanda kutoka ziwani juu ya Fuso la kubebea kahawa. Watoto waliikimbilia barabarani kama wameona meli. Asubuhi ya siku yenyewe pale kivukoni mto ulikuwa mwekundu, umejaa, unakwenda kimya. Mdogo wangu aliuangalia muda mrefu. Alikunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha bati, akamuuliza shemeji tena, kwa adabu kabisa, "Shemeji, kona zote ni nyeupe?"

"Zote."

Halafu aliyekagua mto akasema yeye atakwenda na Fuso, kulinda masufuria.

Mtumbwi wetu ulitangulia, mimi, Mama Mkubwa na mdogo wangu. Mwenyekiti na vijana walikuwa kwenye ule wa nyuma. Tuliimba wimbo wa Mama Maria. Kona ya kwanza tukapita, na zilizofuata. Halafu ikaja kona moja kali, maji yanatupiga ubavuni, na tulipoimaliza ulikuwepo mti, mkubwa, umelala kutoka ukingoni mpaka katikati ya mto, matawi ndani ya maji. Mdogo wangu alipiga kafi upande mmoja mpaka kafi likavunjika. Yaliyofuata nimeshayasema.

Mto ulinitupa kwenye matete. Mama Mkubwa alitolewa kwenye shina na vijana wa mtumbwi wa nyuma, waliokuwa wamewahi kutia nanga ukingoni kwa kushika mizizi. Mdogo wangu alipatikana chini huko na watu wa kivuko cha chini. Tulimzika Liuli, karibu na baba.

Kwenye msiba mwenyekiti alisimama akatoa pole. Akasema mti ule uliangushwa na mvua ya usiku wa kuamkia safari, hakuna binadamu ambaye angejua. Shemeji akainamisha kichwa, akatikisa. Ndugu zangu wakaamini. Mimi nilitoka nje, nikazunguka nyumba, nikarudi, nikatoka tena. Halafu tulipopanda huku juu nikaanza kusikia neno lingine kisimani na mashineni: eti mwenye mtumbwi alikuwa amelewa. Mama Mkubwa aliposikia alitema mate chini. "Nilikaa nyuma yake kutoka kivukoni. Alinuka sabuni."

Sasa nirudi kwenye yale majani. Waliponitoa kwenye matete nilikohoa majani, na mengine nikayatoa kwenye nywele. Yalikuwa makavu, ya rangi ya kahawia, yanavunjika kidoleni ingawa yamelowa. Sihitaji shule kwa hili, wala ninyi hamhitaji. Sisi ni watu wa kuni na watu wa kahawa. Kila mtu hapa anajua tawi lililokatwa jana linafananaje na lililokatwa mwezi uliopita. Mti ulioanguka usiku una majani mabichi. Ule ulikuwa umelala pale siku nyingi, umekauka, na kwenye shina lake Mama Mkubwa aliona alama za panga, watu walishaanza kuchanja kuni. Wachanja kuni waliuona. Aliyetumwa kuutafuta hakuuona, kwa sababu hakufika.

Nimemwambia mume wangu. Alichomoa jani la tumbaku mfukoni, akalirudisha. "Ni ndugu yangu, mama. Unataka nifanye nini?"

"Wangu naye alikuwa ndugu."

Tangu hapo nalima. Nimechimba ngoro mpaka pasipo na mbegu. Nikikaa, miguu inanyanyuka yenyewe. Jumamosi nakwenda kwenye jumuiya, nasikia Tumsifu Yesu Kristo, naitikia, na shemeji amekaa kwenye benchi la mbele, raba zile zile, mwenyekiti anamwachia asome somo la kwanza.

Sitaki pole tena, nimeshapewa za kutosha. Sitaki misa nyingine. Shemeji, Jumamosi inayokuja, kabla hujashika kitabu, simama mbele ya jumuiya, pale pale ulipojitolea, useme ulitembea kutoka wapi mpaka wapi. Kama ulifika kwenye kona ile, sema ule mti ulikuwaje. Kama hukufika, sema ulikuwa wapi. Nawe mwenyekiti uliyeniinulia mkono nisiulize, simama naye, na mwiambie jumuiya kwa midomo yenu kwamba mdogo wangu hakuwa mlevi, alikuwa ameamini neno la mtu.

Nitakuja mapema. Nitakaa benchi la mbele, na sitaitikia sala ya kufunga mpaka nijibiwe.