Kufuli la Usukani wa Abti

Mwanangu, nianze na upumbavu wangu kabla hujausikia kwa watu wa mtaa: niliwahi kufunga usukani wa lori lililokuwa likitembea, na wakati linatembea mimi nilikuwa nyumbani nakunywa chai.

Ilikuwa hapa hapa Garissa, enzi za vita vya shifta. Wenzangu walijua njia ya Wajir na visima vyake vyote. Mimi nilijua njia ya kutoka mkekani hadi jikoni. Nilisoma mpaka kidato cha pili, nikabaki uani kwa baba nikitengeneza taa na kufuli za watu. Kitu kikiwa na springi ndani, sikulala mpaka nikifungue nione kinavyocheza. Kukirudisha ilikuwa habari nyingine.

Abti Hirsi, kaka wa mama yangu, alikuwa na lori kuukuu la kubebea unga na sukari. Ufunguo wake ulikuwa pambo tu, maana hata msumari uliliwasha. Basi usiku alilala jicho moja wazi. Shifta, wale waasi wa porini, wakilichukua, riziki imekwenda. Serikali ikilikuta porini, ataulizwa yeye aliwapa kwa nini.

"Wewe mtu wa kufuli," akaniambia, "na hili lifungie."

Nilikuwa nimeshaona pa kuigia. Kulikuwa na gari dogo la afisa mmoja, ambalo ukigeuza ufunguo mpaka mwisho na kuuchomoa, usukani unakaza. Dereva wake aliniruhusu kulichungulia, nikalala chini yake mpaka shingo ikakataa. Ndani kulikuwa na komeo linalosukumwa na springi, likiingia kwenye pengo la chuma kinachoshuka kutoka kwenye usukani. Na kando ya ufunguo palikuwa na kiulimi kidogo: usipokibonyeza, ufunguo haufiki mwisho. Nikajiuliza, hiki cha nini? Nikajijibu mwenyewe: vumbi limekwamisha kitu. Ndivyo nilivyokuwa, swali zuri nalijibu haraka ili nipate lingine.

Nikahamisha swichi ya lori kutoka kwenye dashibodi hadi kando ya chuma cha usukani, chuma hicho nikakifunga pete yenye mapengo, nikatia komeo na springi. Kiulimi sikukiweka. Ukizima tu, tak! Usukani umefungwa. Lakini usinicheke sana, maana niliuliza.

"Abti, injini huwa unaizima wakati gani?"

"Lori likishasimama. Kwani mimi kichaa?"

Akaondoka akipiga mluzi. Jioni alirudi bila mluzi, ana mchanga kifuani na kwenye ndevu.

Alipokaribia kizuizi cha wanajeshi, akilizungusha lori kupita kati ya mapipa, usukani ulikaza. Lori likaacha njia, likaelekea walipokaa askari. Bunduki zikainuka. Usukani haukuwa na faida tena, kwa hiyo abti akainua mikono yote miwili huku mguu umekanyaga breki, na nadhani mikono ile ndiyo iliyomwokoa. Lori likasimama kwenye magunia ya mchanga. Wakamshusha, wakamlaza kifudifudi. Mkubwa wao akapanda mwenyewe, akaujaribu usukani, ukagoma. Akageuza ufunguo, ukalegea.

"Nani alikufanyia hivi?"

"Mtoto wa dada yangu, afande."

"Mna ugomvi?"

Nyumbani kwetu kesi iliendelea.

"Waryaa, we kijana, kufuli lako linajifunga lenyewe!"

"Haliwezi, abti. Ulizima."

"Wallahi sikuzima! Lori lilikuwa bado linatembea, nizime vipi?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kilichonitatiza ni kwamba hakuwa anadanganya, namjua akidanganya. Na mimi komeo langu nililijua. Kila mmoja wetu alisema kweli, na mmoja alikuwa nusura azikwe.

Kesho yake nikalichomoa lile komeo, nikapanda naye. Hiyo ndiyo safari yangu ya kwanza, na mama alinifungia chakula kama naenda Hija. Mapipa yalipoonekana, mkono wa abti ulishuka taratibu ukageuza ufunguo. Injini ikanyamaza, lori likaendelea kujiendea polepole.

"Abti, mkono wako!"

Akautazama kama mkono wa mgeni. Tangu vita vianze, alikuwa amezoea kufika kizuizini bila ngurumo, askari wasije wakadhani anataka kupita kwa nguvu. Alizoea mpaka akawa hajui kwamba anafanya.

Hapo hapo nikakielewa kile kiulimi. Aliyekibuni alikuwa anaujua mkono wa dereva. Nikalirudisha komeo, nikachonga kiulimi changu kutoka kwenye springi ya saa mbovu. Sasa ufunguo ulizima injini na kukwama hapo. Kufunga usukani ilibidi ukibonyeze kwa kidole gumba, kwa kukusudia. Asubuhi ilibidi uutikise usukani kidogo ndipo komeo litoke, na abti alinilalamikia hilo mpaka siku alipoliuza lori.

Basi nasaha yangu, mwanangu, ni hii. Ukitaka kurekebisha kitu anachofanyia kazi mtu mwingine, usitosheke na kumuuliza. Atakuambia ukweli wote anaoujua, na mkono wake una mambo yake. Nenda ukae kando yake utazame, hata kama nyumbani kuna kivuli na chai. Na ukikuta kidude usichojua kazi yake, usikitupe. Huenda aliyekiweka aliona ajali ambayo wewe bado hujaiona. Mwenyezi Mungu akupe macho yenye subira, akurudishe kwenu salama kila unapotoka, na kila atakayepanda ulichotengeneza ashuke kwa miguu yake mwenyewe. Amin.

Nimemsomea maneno haya jirani yangu Ebla, ambaye siku ile ya magunia alikuwa juu ya lori na mbuzi wake wa kuuza. Akasikiliza mpaka mwisho, akasema:

"Hata mbuzi wangu walijua. Injini ikinyamaza tu walikuwa wanainuka, na lori bado linatembea. Ungewauliza mbuzi."