Kinga ya Tumbili na Bakuli la Kaka

Naitwa Doto, nauza asali Gongoni. Kabla sijaugua nilikuwa nabeba ndoo mbili bila kupumzika, na mdomo sifungi. Pacha wangu, Kaka Kulwa, anarina asali porini. Wazazi hatuna tena, tumebaki wawili tu.

Ilianza na mkanda wa jeshi, malengelenge kutoka mgongoni hadi chini ya titi. Jamani, ule moto! Ukafuata kuhara, na utando mweupe mdomoni, hata uji ukawa unachoma. Magauni yakanipwaya. Nilipopima, nikakutwa na virusi vya UKIMWI. Nikaanzishiwa dawa za kufubaza, zikanipa kizunguzungu na ndoto mbaya. Nilichoka mapema.

Siku moja Kaka alinisindikiza kliniki. Mama mmoja kwenye benchi akauliza kwa nini wanyama hawaugui ugonjwa huu. Daktari akajibu, "Baadhi ya tumbili wana protini ndani ya chembe zao. Kirusi hiki kikiingia, inakinasa na kukivunja kabla hakijazaliana. Sisi tunayo ya jamii hiyo, ila yetu inakiachia kinapita."

Safari ya porini iliyofuata, Kaka akarudi na nyama ya tumbili iliyokaushwa kwa moshi.

"Mdogo wangu, vidonge weka kando. Kinga yenyewe hii hapa."

Tukaichemsha. Nyumbani kwetu mapacha hawatengani kwenye dawa. Anayokunywa mmoja, mwenzake lazima aonje. Kwa hiyo Kaka alipochukua bakuli sikushangaa. Nami vidonge vilishanichosha, nikaviacha.

Nyama iliisha, mimi nikabaki mifupa. Kikohozi kikanilaza, chooni napelekwa nimeshikwa. Kaka akanibeba mgongoni hadi kliniki.

Daktari alisikiliza kisa cha nyama, akajishika kichwa. "Doto, nyama ya ng'ombe umekula tangu utotoni. Umeota pembe?"

Nikacheka, nikakohoa, nikalia. Akasema ile protini hutengenezwa ndani ya chembe za tumbili mwenyewe. Ukiila, tumbo linaisaga kama maharage. Akanirudisha kwenye dawa, akaongeza za kifua kikuu.

Kaka alikuwa ameinama. Ndipo nikakumbuka bakuli lake. Lilikuwa linajaa pomoni, na alikuwa akirudia.

"Kaka, ile nyama ulikuwa unamlia nani?"

Akafungua vifungo vya shati. Kovu la mkanda wa jeshi lilikuwa limezunguka ubavu.

"Niliogopa kupima," akasema. "Nikasema ikikuponya wewe, na mimi nimepona."

Alipimwa siku hiyohiyo, akakutwa na virusi, akaanza dawa.

Leo kifua kimepona, virusi vyangu havionekani kwenye kipimo. Ndoo nabeba moja. Uchovu upo, sitawadanganya, na kumeza kila siku kunachosha. Lakini namshukuru Mungu, na daktari yule pia. Wenzangu, msiache dawa. Tumbili waacheni na kinga yao.

Jioni Kaka huja na kidonge chake, nami nina changu. Haonji mtu cha mwenzake. Anatangulia yeye kumeza, maana ndiye aliyetangulia kuzaliwa, nami namtazama koo mpaka kidonge kishuke.